Maji Yaliyoosha Mkaa

Kwetu mgeni hatii mguu bwawani kabla hajajulishwa. Unachota mchanga, unaupitisha kwapani mwako, unaurusha majini, kisha unamwambia mwenye maji, na wazee wa kale walio naye, ni nani aliyekuja. Nyoka aliyelala chini kule hasomi vitambulisho. Anajua watu kwa jasho lao. Mgeni jasho lake halijulikani, kwa hiyo mwenyeji humpaka la kwake kichwani na mikononi, humwombea, ndipo anywe au avue samaki. Kazi hiyo nimeifanya tangu nikiwa na meno yangu yote. Nimewajulisha walimu, wauguzi, watu wa serikali wenye kofia mpya, hata mzee mmoja aliyekuja kutazama kasuku akaondoka na jua kichwani. Mikono yangu inaifanya yenyewe, akili ikiwa imeenda matembezini. Na ndiyo maana mikono hiyo hiyo ikaniponza siku alipokuja Mama Elsie.

Mama Elsie ni mdogo wake mama yangu aliyenizaa, na kwetu mama mdogo ni mama kamili, hakuna cha nusu. Mama yangu mwenyewe simtaji jina. Amekufa, na majina ya waliokufa tunayaacha yapumzike. Hata hilo la Elsie si jina alilozaliwa nalo. Alipewa misheni, pamoja na gauni la mikono mirefu na kitanda cha chuma. Alichukuliwa akiwa bado na meno ya utotoni. Alirudi miaka michache iliyopita, kiangazi, kichwa cheupe pe, fimbo mkononi, na mjukuu wake Kiah aliyemshika mkono mwingine.

Niliwapokea kwenye uwanja wa ndege kwa Toyota yangu isiyo na kioo upande wa kushoto. Nilikuwa nimejiandaa kulia, nikashindwa, kwa sababu jambo la kwanza alilofanya yule mama ni kunitazama kutoka juu mpaka chini na kusema, "Umenenepa kuliko kwenye picha uliyonitumia."

"Picha ilikuwa ndogo, Mama," nikamjibu. "Mimi sikutosha."

Akacheka. Mdomo wake ulikuwa mdomo wa mama yangu, ule ule, na pengo mahali pale pale. Nikashika usukani na kutazama barabara, maana ningemtazama zaidi ningetuingiza mtaroni.

Njiani akasema alichokijia. Alisema polepole huku vumbi jekundu likiingia kwenye dirisha lisilo na kioo na kutulia mapajani mwake, naye halipangusi.

"Moyo wangu umechoka, Noreen. Daktari ameniambia nisipange mambo ya mbali. Kule mjini Adelaide mume wangu amelala, na nafasi ya ubavuni mwake ipo, inaningoja. Lakini kila nikifumba macho naota maji. Maji ya kijani, yana maua juu, na mtu ananiita, simwoni. Nataka kujua kama bwawa hili linanitaka. Likinikataa, nitalala kwa mume wangu na sitalalamika."

"Litakukataaje, Mama? Ni lako."

"Ndilo lililonitoa," akasema.

Sikumuuliza maana yake. Nilijua. Mama yangu alinisimulia siku ile mara nyingi mno, mpaka naiona mimi mwenyewe, kana kwamba nilikuwepo, nimekaa juu ya tawi.

Ni miaka ile ya baada ya vita vikuu vya dunia, wazee wetu wakiwa bado wanachunga ng'ombe wa ranchi kwa unga na chai. Bibi ana binti wawili. Mkubwa mweusi tii, baba yake mtu wa kwetu. Mdogo rangi ya asali, na baba yake ni mzungu mmoja wa ranchi ambaye hakuna aliyemtaja tena. Serikali inakusanya watoto wa rangi ya asali, inawapeleka misheni wakalelewe kizungu. Kila asubuhi Bibi anasaga mkaa, anauchanganya na mafuta ya kenge, anampaka mdogo mwili mzima, nyuma ya masikio, katikati ya vidole, huku akimwimbia ili atulie. Akimaliza, watoto wote wawili wana rangi moja. Gari la polisi likionekana vumbi lake, Bibi anaita neno moja tu kwa lugha yetu, "mgeni, mgeni", na watoto wanakimbilia kwenye matete.

Siku ile joto lilikuwa kali, hewa imesimama. Bibi alikuwa kazini, anafua shuka za ranchi. Wasichana wakaingia majini kuogelea kati ya maua. Watoto gani wangekaa kando? Wakapiga mbizi, wakacheka, wakarushiana maji, na maji kidogo kidogo yakachukua mkaa. Mama yangu alisema aliona weusi unatoka kwa mdogo wake na kuelea juu, unazunguka taratibu, akaona ni mzuri, akaupuliza. Yule mdogo akapanda ukingoni, safi, anang'aa. Juu ya ukingo pale farasi amesimama, na juu ya farasi polisi.

Mama yangu alibaki ndani ya maji, majani ya maua yamemfunika kichwa. Alisikia kila kitu. Gari lilikuja baadaye kidogo. Bibi alikimbia nyuma yake mpaka kwenye mkondo mkavu, na mkono wake ulikuwa bado na povu la sabuni.

Basi. Nikawafikisha bwawani alasiri. Miti yenye magome laini imeinamia maji, ndege wamenyamaza kwa joto, na maua yale ya zambarau yamefunguka. Kiah akavua viatu. Mama Elsie akasimama na fimbo yake, mdomo wazi kidogo, anavuta hewa puani. Na mikono yangu, ikitafuta la kufanya, ikafanya ile kazi yake ya siku zote. Nikainama, nikachota mchanga, nikaupitisha kwapani, nikaurusha. Nikampaka jasho langu kwenye nywele zake nyeupe. Na mdomo wangu, usiojua kunyamaza, ukasema kwa lugha yetu maneno ya siku zote: huyu ni mgeni, ametoka mbali, msimdhuru.

Mama Elsie alikuwa amesahaulishwa lugha yetu. Walimchapa misheni mpaka ikatoka. Neno moja tu lilibaki, na ndilo hilo.

Akageuka. "Umewaambia mimi ni mgeni?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kubwabwaja, nikasema ni desturi, ni mazoea, ni ulimi wangu huu. Akaitikia kwa kichwa, kwa upole kabisa, na upole ule uliniuma kuliko angenichapa na fimbo.

"Si kosa lako, mwanangu. Ndivyo nilivyo. Kiah, nirudishe garini. Mguu haujaingia majini na hautaingia."

Jioni tulikaa nje ya nyumba yangu. Nilichoma mkia wa kangaruu, nikaoka mkate kwenye majivu, nikachemsha chai kwenye kopo. Hakugusa kitu ila chai. Alimwambia mjukuu wake atafute ndege ya kurudi, hata kesho ikipatikana. Kisha akaegemea kiti na kufumba macho.

Kiah akanisogelea pembeni ya moto. Ni msichana mpole, muuguzi, lakini macho yake siku ile hayakuwa na upole.

"Shangazi, amesubiri maisha yake yote. Ungesema neno lolote jingine."

Kwao huko mjini kila mwanamke mzima ni shangazi. Nilimwacha.

"Najua," nikasema. "Na ubaya wake huujui wote. Mama yangu, kila kiangazi, alinipeleka pale bwawani asubuhi. Alichota mchanga, akaupitisha kwapani, akaurusha, akasema, huyu anayenukia hivi ana mdogo wake. Jasho letu ni moja. Yuko njiani. Akifika, mkamsahau, mimi na nyinyi tumekosana. Alisema hivyo mpaka mwaka aliokufa, akiwa hawezi tena kuinama, mimi namchotea mchanga. Kazi ya maisha yake yote ilikuwa maji yasimwite huyu mama mgeni. Mimi nimeiharibu kwa pumzi moja."

Nikalia basi, kilio kibaya, cha kamasi. Kiah akanipa kitambaa. Nyuma yetu kiti kikalia. Mama Elsie alikuwa amefumbua macho, na sijui tangu lini.

"Alisema niko njiani?" akauliza.

"Kila mwaka, Mama."

"Nilidhani alinisahau. Hakutokea kwenye maji siku ile. Nilimwita, hakutokea."

"Alikuwa chini ya majani. Aliogopa. Alilala na woga ule mpaka uzeeni, na mikutano ya watu hakuiweza kwa sababu yake."

Mama Elsie akageukia moto. Ulikuwa unafifia, umebaki makaa. Akanyoosha fimbo, akavuta kipande kimoja kilichozimika mpaka miguuni pake, akakiokota, akakisugua kwenye kidole gumba na kukitazama.

"Unajua kukisaga?" akaniuliza.

Asubuhi tulirudi bwawani. Mafuta ya kenge sikuwa nayo, nilichukua ya kupikia, na yeye akasema Bibi angetucheka. Alikaa juu ya gome la mti, amevua blauzi, mwili wake mdogo, ngozi yake ya asali imejaa mikunjo. Nikampaka. Mabega, mgongo, nyuma ya masikio, katikati ya vidole. Sikuwa najua wimbo wa Bibi, nikawa naguna tu, na baada ya muda naye akaguna, na mguno wake ukaenda mahali ambapo wangu haukujua, ukapanda, ukashuka, ukarudi. Nikanyamaza nikamsikiliza. Hakuwa na neno hata moja. Kiah alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Nilipomaliza alikuwa mweusi kuliko mimi. Akasimama, akaacha fimbo, akaingia majini bila kujulishwa na mtu. Nikamwacha. Maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Akajishusha taratibu mpaka kichwa kikapotea chini ya maua, na mimi nikaona farasi kwenye ukingo, nikaona kofia, nikageuka kutazama.

Ukingoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na Toyota yangu na kunguru mmoja juu ya boneti.

Akaibuka. Weusi ulikuwa unatoka kwake, unaelea, unazunguka taratibu kwenye maji ya kijani, na yeye akautazama, kisha akashusha mdomo karibu na maji, akaupuliza.

"Unaona, Noreen," akasema. "Umetoka wote, na hakuna aliyekuja."

Tulikaa pale mpaka ngozi yake ikakunjika kama ya kobe. Nilimwambia atoke, moyo wake si wa mchezo, akaniambia ninyamaze, mama ni yeye. Alipotoka hakwenda kwenye taulo aliyoshika Kiah. Aliinama kwa shida ukingoni, akachota mchanga, akaupitisha kwapani mwake, polepole, kwapa hili na lile. Akarusha. Mchanga ukatapakaa juu ya maua na kuzama.

Kisha akaja kwangu, mimi niliyezaliwa pale, niliyekunywa maji yale maisha yangu yote na kuwajulisha wakubwa kwa wadogo. Akaweka viganja vyake vibichi kichwani pangu, akanipaka jasho lake usoni na mikononi. Hakuwa na lugha yetu, akatumia ile aliyopewa misheni, na sauti yake ilikuwa kubwa ya mwenye mahali.

"Huyu ni mwanangu," akawaambia. "Anaongea sana. Mzoeeni."

Amelala pale sasa, juu kidogo ya bwawa, kwenye kivuli. Jina lake nimeliandika hapa kwa mara ya mwisho, kwa ruhusa aliyonipa mwenyewe, na kuanzia leo linapumzika. Kiah huja kila kiangazi. Mimi simjulishi tena. Huchota mchanga mwenyewe.