Robota la Angelina

Severa alikuwa amekaa kitandani na miguu ameipandisha juu, kana kwamba kilichokuwa chini ya kitanda kingeweza kumng'ata. Redio ya chumba cha pili ilikuwa imefunguliwa kwa sauti ya juu. Msako umeanza, ilisema. Walanguzi, wafichaji wa bidhaa, wahujumu uchumi wote watasakwa mpaka wapatikane. Na chini ya kitanda chake, nyuma ya ndoo na sanduku la nguo, kulikuwa na robota la khanga mpya ambalo halikuwa lake.

Lilikuwa la Angelina, mpangaji wa chumba cha mwisho karibu na uani.

Severa na mumewe Wilbert walihamia Dar es Salaam wakati wa mvua za vuli, wakitokea Mbinga, Wilbert alipopata kazi kwenye karakana moja ya Gerezani. Walipanga chumba Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, kwa bibi mmoja wa Kizaramo ambaye mtaa mzima ulimwita Binti Kitwana. Siku ya kwanza tu Severa aliharibu. Alipeleka dagaa kwenye bomba la uani akawaosha pale pale watu wanapotawadhia, na Binti Kitwana akafoka mpaka wapangaji wote wakatoka kutazama. Tangu siku ile, wanawake wa nyumba ile wakimwona walinyamaza, au ndivyo alivyoona yeye. Wakicheka, alijua wanamcheka: matamshi yake, viatu vyake vya plastiki, namna alivyoruka pembeni kila gari lilipopiga honi. Akazoea kuchota maji mchana wa jua kali, wenzake wakiwa wamejilaza. Jioni Wilbert alipomuuliza ameshindaje, alisema ameshinda vizuri, akainama kupakua ugali.

Angelina peke yake ndiye aliyemsogelea. Alikuwa mtu wa Ndanda, mcheshi, anayeujua mji. Alimwonyesha duka la kaya, la bidhaa za mgao, na jinsi ya kuweka jiwe kwenye foleni ya sukari ili kumshikia mtu nafasi. Alimfundisha asimwambie kila anayeuliza kwamba hana kazi, maana wasio na kazi walikuwa wakikamatwa na kurudishwa vijijini. Basi alipokuja na robota na kusema, "Mdogo wangu, nihifadhie hili kidogo, paa langu linavuja," Severa hakuuliza kitu. Angeanzaje kumuuliza mtu pekee aliyekuwa akimwita mdogo wangu?

Sasa mlango wa Angelina ulikuwa na kufuli, na Angelina hakuonekana tangu alfajiri.

Severa alichungulia dirishani. Duka la Tulsidas ng'ambo ya barabara, ambalo halikuwahi kufungwa siku ya kazi, lilikuwa limefungwa. Mbele ya nyumba ya tatu mgambo walikuwa wakitoa maboksi ya sabuni na kuyarundika barabarani. Mwenye sabuni alikaa chini karibu na rundo, mikono kichwani. Pembeni alisimama mzee Shaibu, balozi wao wa nyumba kumi, akionyesha kidole nyumba inayofuata.

Alilivuta robota hadi katikati ya chumba. Kulitupa chooni? Uani walikuwepo watu. Kulitoa barabarani? Barabarani walikuwepo mgambo. Alijaribu kulisukuma tena chini ya kitanda, kamba ikanasa kwenye chaga. Alikuwa bado amepiga magoti pale mlango uliposukumwa.

Alikuwa Binti Kitwana.

Bibi yule alilitazama robota, akamtazama Severa, kisha akaufunga mlango kwa kisigino.

"La nani?"

Severa alijaribu kulifunika robota kwa upindo wa shuka.

"Nakuuliza la nani."

"Si langu, mama. Naapa si langu."

"Lako haliwezi kuwa, naona hata kitanda huna cha maana. La yule wa chumba cha mwisho?"

Severa akainamisha kichwa. Aliona amemuuza Angelina hata kabla ya kusema neno. Machozi yakamtoka.

"Usinililie," Binti Kitwana alisema kwa sauti ya chini. "Wakilikuta humu watakuchukua wewe, na mimi watanichukua kabla yako, maana nyumba ni yangu. Lete kisu."

Walikata kamba. Binti Kitwana aliita majina mlangoni, na wanawake wakaingia mmoja mmoja, wakijifuta mikono. Mwalimu Scholastika wa chumba cha mbele, ambaye siku hiyo alikuwa mgonjwa hakwenda shule. Paskalina na mwanawe mgongoni. Mjukuu wa bibi. Na wengine ambao Severa hakuwahi kuyajua majina yao. Hakuna aliyeuliza. Scholastika alitazama khanga zile, zote za rangi moja, nyekundu na nyeusi.

"Zinafanana, mama," alisema. "Wataona."

"Acha waone. Ni sare. Kesho tunapeleka bibi harusi Magomeni. Vaeni."

Wakavaa. Moja kiunoni, moja mabegani. Paskalina akambadilishia mtoto mbeleko. Zilizobaki ziliingia masandukuni, doti mbili huku, doti mbili kule, na gunia lililofungia robota likaenda jikoni, motoni chini ya sufuria ya maji. Severa alibaki amesimama na khanga mikononi mpaka Binti Kitwana akamnyang'anya na kumfunga mwenyewe, kwa nguvu, kama anayemfunga mtoto mtukutu.

Hodi ikapigwa.

Mgambo waliingia, mzee Shaibu nyuma yao. Walipekua vyumba, wakainua magodoro. Wanawake walikuwa uani, kila mmoja akijifanya ana kazi: huyu anachambua mchele, yule anafua nguo iliyokwisha fuliwa. Moshi wa gunia ulikuwa mzito, unakera koo.

"Mnachoma nini?" aliuliza mkubwa wao, mtu mrefu mwenye bunduki begani.

"Kuni mbichi, baba," Binti Kitwana alijibu. "Mkaa haupatikani. Labda nyinyi mmeukamata huko."

Yule mtu hakucheka. Aliwatazama wanawake mmoja baada ya mwingine, taratibu.

"Mbona mmevaa sawasawa?"

"Harusi."

"Khanga hazipatikani Dar es Salaam nzima, nyinyi mna za harusi?"

"Tumejinyima tangu mwaka jana."

"Harusi ya nani?" Hakumuuliza bibi tena. Alikuwa amemwona Severa, jasho likimtiririka shingoni. "Wewe. Harusi ya nani?"

Severa alijua kwamba akitaja jina lolote ataulizwa lingine. Alijua pia kwamba akifungua mdomo, matamshi yake yatamwambia mtu huyu kila kitu: katoka mbali, hana kazi, hana ndugu. Akasema kwa sauti iliyopasuka:

"Mimi mgeni hapa, baba. Hawaniambii kitu. Nimepewa nguo, nimeambiwa vaa, nimevaa."

Paskalina ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Scholastika, kisha wote, kicheko cha hofu kilichokuwa kimebanwa kinatafuta pa kutokea, na Binti Kitwana akapiga makofi akisema, "Mnamwona huyu! Miezi yote hii bado mgeni!" Hata mzee Shaibu alitabasamu, akamshika yule mkubwa kiwiko. "Twende, ndugu. Nyumba hii naijua."

Walipotoka, Severa alikimbilia ukutani akatapika.

Angelina alirudi jioni, Wilbert akiwa ameshafika na kuelezwa yote. Alisimama mlangoni, uso umesawijika.

"Mzigo wangu?"

"Tumeugawana, dada," Severa alisema. "Mgambo walikuja."

"Mmegawana?" Angelina aliangalia khanga iliyokuwa bado kiunoni mwa Severa. "Mimi ndiye niliyekupokea. Hawa walikuwa hawakusemeshi!"

"Ulifunga mlango ukaniachia," Severa alisema. Alishangaa kujisikia akisema. "Hukuniambia hata neno."

Angelina aliegemea mwimo wa mlango. "Niliogopa," alisema. "Nilifika Magogoni, nikapanda pantoni, nikashuka ng'ambo, ndipo nikakukumbuka. Nikashindwa kurudi."

Binti Kitwana alimwambia achukue zake, kila mtu atatoa. Angelina akakataa; nani angetembea na khanga mpya siku zile? Kabla ya mwezi kuisha alihamia Kigamboni. Severa alimsaidia kubeba godoro mpaka kwenye pantoni, na pale kwenye geti Angelina alilipokea godoro bila kumtazama usoni.

Wilbert alitaka warudi Mbinga. Mji huu, alisema, utatufunga kwa kosa la mtu mwingine. Walibishana juu ya jambo hilo kwa siku nyingi. Severa bado alikuwa akishtuka mlango ukigongwa, na bado hakumwamini kila aliyemchekea. Lakini kila alipojiwazia akifunga mizigo, aliona uvivu mkubwa unamjia. Mwishowe alimwambia mumewe asubiri kwanza masika yapite, na Wilbert, aliyekuwa anafunga viatu kwenda kazini, akasema haya.

Asubuhi hiyo Severa alitoka na ndoo wakati wa foleni ya maji, wenzake wote wakiwepo. Paskalina alisogea kumpisha, huku akilalamika kwamba maji ya bomba siku hizi yana kutu.