Aliyehamishwa kwa Mdomo

Uvumi wenyewe Mama Hadhari aliuokota kwenye foleni ya maji, ukamng'ang'ania kama kupe: kijana akiandikwa na makarani wa utafiti wa nguvukazi kuwa hana kazi ya kudumu, lori huja kumzoa akalime mashamba ya mbali. Hilo lori hakuna aliyeliona, ila kila mtu alijua rangi yake.

Basi karani alipobisha hodi, binti mpole mwenye kishikwambi, mama wa watu roho ilikuwa mkononi. Kitinda mimba wake yumo chumbani anapiga pasi shati. Ni mtu mzima sasa, kibarua kwa fundi wa kuchomelea vyuma, leo kazi ipo, kesho haipo.

"Mama, nitajie wanaoishi hapa. Wageni waache. Nataka wanaolala hapa siku zote na kula chungu kimoja."

"Mimi na mzee. Basi."

Karani akatazama viatu vya mlangoni, vikubwa kama mitumbwi. "Na hivi?"

"Vya mzee."

Mzee, ambaye miguu yake haikufika sakafuni alipokaa, akavitazama kwa heshima. "Nikikua vitanitosha," alisema.

"Msamehe, mwanangu, huyu hutania hata msibani. Kitinda mimba wetu alikuwepo, lakini kahama. Anaishi hukohuko karakana kwa fundi wake."

Karani akabonyeza, akashukuru, akaenda kwa jirani.

Kijana akatoka chumbani, shati begani. "Shikamoo, mama. Nasikia nimehama. Godoro nililichukua au nililiacha?"

"Nyamaza wewe. Nimekuokoa na lori."

"Lori gani tena? Mama, fundi kila siku ananibembeleza nikalale karakana, nimlindie vyuma. Chumba kipo. Nilikuwa nakataa kwa ajili yako tu, nikijua utaumia. Kumbe umeshaniaga."

Mama Hadhari hakungoja neno la pili. Alitoka mbio, kandambili mguu mmoja, akamkuta karani bado yuko kwa jirani.

"Mwanangu, ulimi uliteleza. Yule kijana yupo. Analala kwangu."

Karani hakukasirika. "Mama, sisi hatuhamishi mtu. Majibu yako yanajumlishwa na ya wengine, ijulikane wenye kazi ni wangapi na wasio nayo wangapi. Lakini ukimtoa kwako na kule hakuna wa kumtaja, anakuwa haishi popote." Akarekebisha. "Haya, amerudi nyumbani."

Mama akarudi kachangamka. Akakuta godoro limekunjwa, limefungwa kamba, na mzee kashika ncha moja.

"Na wewe unamsaidia kuondoka?"

"Mgeni husindikizwa, mke wangu."

"Nimeshamwambia karani yupo!"

"Ungeanza kuniambia mimi," kijana alisema, taratibu, bila hasira. "Fundi nimeshampigia, ananingoja. Jumapili nitakuja kuwaona."

Wakatoka, baba mbele, mwana nyuma, godoro katikati. Mama Hadhari akabaki mlangoni, kandambili mguu mmoja.

Wenye watoto wakubwa, epukeni haya:

Kuleta nyumbani neno la foleni kabla ya kumuuliza anayejua.

Kumficha karani mtu anayelala kwako, au kumtajia asiyelala.

Kujibu upesi ili mgeni aondoke.

Kumsemea mtu mzima naye yumo chumbani, masikio anayo.

Kumwacha baba yao peke yake na kamba.