Hotuba Iliyoshonewa Mfukoni

Mtaani walimwita Bi Pindo, maana hakuna suruali iliyopita mbele yake asiione ilikopinda. Alikuwa fundi cherehani wa miaka sabini. Mikono yake haikuwa imezeeka, na ulimi ndio kabisa. Jeshi lilipompigia simu kumwambia mabaki ya mdogo wake yamepatikana, aliuliza, "Mna hakika? Huyo hata akiwa hai alikuwa hapatikani."

Mdogo wake huyo, Machachari, alikwenda vitani akiwa na miaka kumi na tisa, asirudi. Miaka arobaini na minane ikapita. Ndipo wachimba barabara wakafukua mifupa kule mpakani, madaktari wakachukua mate ya Bi Pindo, wakalinganisha, ikawa ndiye.

Asubuhi ya mazishi, kapteni kijana aliyepewa kusimamia shughuli alifika kumsomea hotuba. Alisimama katikati ya chumba cha kushonea, vitambaa vimemfika magotini, akasoma: "Marehemu alikuwa askari mtulivu, mtiifu, asiyewahi kuonywa..."

Bi Pindo alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Mjukuu wangu, mnamzika nani leo?"

"Mdogo wako, bibi."

"Mdogo wangu aliwekwa mahabusu mara tatu kabla hata hajamwona adui! Aliniandikia mwenyewe. Siku moja ya jua kali alijificha nyuma ya ghala, akaiga sauti ya sajini wake: 'Kikosi kizima, mtoni, mkaoge!' Wakaenda wote. Sajini alipotoka, akakuta uwanja mtupu."

Kapteni aliuma midomo kuzuia kicheko. "Hilo siwezi kulisema. Jenerali atakuwepo."

"Kwani jenerali haogi?"

"Bibi, hotuba imeshapitishwa."

Bi Pindo akanyamaza. Wateja wake wangemwambia kapteni kwamba hapo ndipo pa kuogopa. Kapteni aliikunja hotuba, akaitia mfuko wa ndani wa koti lake.

"Kifungo hicho kinaning'inia kwa uzi mmoja," akasema Bi Pindo. "Ndivyo utakavyokwenda kumzika mdogo wangu? Vua nikukazie."

Kapteni akavua, akashukuru, akageukia dirishani kupiga simu. Bi Pindo alikaza kifungo. Kisha akaligeuza koti, na sindano ikapita mdomoni mwa ule mfuko, mishono midogo ya karibukaribu, kwenda na kurudi.

Makaburini, jeneza lilikuwa limefunikwa bendera, askari wamenyooka kama misumari. Kapteni akasogea kwenye kipaza sauti, akaingiza mkono ndani ya koti. Mkono ukagota. Akajaribu tena. Akajipapasa kifua kama aliyeingiwa na siafu, na jenerali akakohoa. Kapteni alipoinua macho, akamwona Bi Pindo mstari wa mbele, mikono mapajani, uso mkavu.

Akaelewa. Akavuta pumzi.

"Marehemu," akasema polepole, "alijua kuiga sauti ya sajini wake."

Akasimulia habari ya mtoni. Kicheko kikaanzia nyuma, kikapanda mbele, hata jenerali akalazimika kutazama viatu vyake. Ndipo mzee mmoja mwenye mkongojo akasimama bila kuitwa.

"Mimi nilikuwa mtoni siku ile! Tuliadhibiwa wiki nzima, na hakuna aliyemtaja." Akaegemea mkongojo wake. "Baadaye nilipigwa risasi ya mguu. Alinibeba mgongoni huku akinitukana njia nzima, eti mzito kama gunia la chumvi iliyolowa. Alitaka nikasirike, nisije nikapoteza fahamu. Alinifikisha kwa daktari, akarudi kumchukua mwingine. Huko ndiko alikobaki."

Kwa miaka arobaini na minane Bi Pindo hakuwahi kuambiwa mdogo wake alikufaje. Alivua miwani na kulia waziwazi, bila kujifunika, mpaka risasi za heshima zilipokwisha kulia na udongo kutupwa.

Watu walipoanza kutawanyika, akamfuata yule mzee, akamshika mkono usio na mkongojo.

"Twende nyumbani, ukanieleze hayo matusi yote. Moja baada ya jingine."

Mzee akababaika. "Dada, mengine hayasemeki mbele ya mwanamke."

"Yaseme tu," akasema Bi Pindo, akipenga kamasi. "Nusu yake nilimfundisha mimi."