Daftari la Viuno

Makambako nzima hakuna aliyejua viuno vya wanawake kama Feliciana. Waume zao walikuwa wakikisia tu. Kwa miaka kumi na minane alishona sare za kwaya ya akina mama usharikani, na kila Januari alimpokea mwanamke mmoja mmoja kibandani kwake, akampitishia futi kifuani, kiunoni na begani, kisha akaandika inchi zake kwenye daftari lenye jalada gumu. Kurasa za zamani hakuzichana. Hakuwa na sababu ya maana, hakupenda tu kuchana vitu.

Mwaka jana muuguzi mmoja kutoka Njombe alikaribishwa baada ya ibada kuzungumzia saratani ya ovari. Feliciana alikaa benchi la nyuma, mawazo yakiwa kwenye vitambaa, mpaka muuguzi aliposema kwamba ugonjwa huu haupigi kelele. Tumbo hujaa lisishuke, mtu hushiba kwa matonge mawili, nyonga huuma, haja ndogo haimpi nafasi. Mara nyingi ni mambo madogo tu, alisema, lakini yakidumu wiki mbili tatu mtu asikae nyumbani kubahatisha.

Feliciana hakungoja chai. Alikwenda kibandani akafungua ukurasa wa Oktavia, rafiki yake wa tangu ujana, aliyekuwa amezikwa miaka miwili nyuma. Kiuno, thelathini na mbili. Mara ya pili, thelathini na nne. Mara ya mwisho, thelathini na saba, na bega limepungua, mkono umepungua. Yote kwa mwandiko wake mwenyewe. Ugonjwa ulikuwa umepita mikononi mwake, ukaandikwa kwa wino wa bluu, na yeye akapanua mishono huku anacheka. Aliketi pale na daftari mapajani, akaliogopa kwa mara ya kwanza.

Basi Januari hii akina mama wakaanza kuja kupimwa sare ya Pasaka. Eveline, mkulima wa viazi mwenye sauti ya kwanza inayowafanya hata wazee wa kanisa waache kusinzia, aliingia amejifunga vitenge viwili juu ya gauni. Baridi, alisema. Feliciana akamvua vyote viwili, akapitisha futi. Inchi tatu zaidi ya mwaka jana. Akapima tena. Bega lilikuwa limepungua.

Alimuuliza kama anamaliza ugali wake. Eveline akatazama mlangoni kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba anadhani ni mimba. Ana miaka arobaini na minne, mwanawe mkubwa ameshaoa, na kipimo hawezi kununua kwa kuwa muuzaji wa duka la dawa ni shemeji yake. Alikuwa akingoja tumbo litokeze lenyewe, watu wamcheke mara moja yaishe.

"Nenda hospitali, mdogo wangu," Feliciana akasema. "Mpaka uende, sikushonei."

Sasa, kwaya ile ina utaratibu wake, na haujawahi kuvunjwa: sare mpya haivaliwi mpaka wote kumi na wanane wawe nayo. Kumnyima mmoja ni kuwanyima wote. Eveline aliondoka amenuna, akamweleza mwenyekiti wao, Beatrisi, kwamba fundi amempania, bila kueleza kwa nini. Kesho yake akina mama tisa wakajaa kibandani, Eveline akiwa katikati yao, wamekuja kugomba.

"Kamwene, fundi," Beatrisi akaanza, na salamu yenyewe ilikuwa na makali.

Feliciana hakujitetea. Moyoni alimwomba Oktavia radhi, kisha akaufungua ukurasa ule juu ya meza ya cherehani. Beatrisi akafuata namba kwa kidole, mstari kwa mstari, na kidole kikasimama kwenye thelathini na saba.

"Huyu tulimpigia vigelegele, tukidhani ni mimba," akasema. "Miaka kumi na miwili hana mtoto. Tulimnunulia na shali ya kichanga."

Eveline aliutazama ukurasa wa Oktavia, kisha akautazama wake uliokuwa pembeni. Polepole akafungua vitenge vyake mwenyewe, mbele ya wote, akavikunja akaviweka mezani.

Asubuhi iliyofuata Beatrisi na Feliciana walimsindikiza Njombe. Kipimo cha picha hakikuonyesha mtoto. Kilionyesha uvimbe kwenye ovari. Daktari alisema futi ya fundi haipimi saratani, lakini imemleta mgonjwa kabla uvimbe haujasambaa, na zaidi ya hapo hakuahidi kitu. Eveline alifanyiwa upasuaji, kisha akawekewa dripu za dawa huko Mbeya, mwezi baada ya mwezi.

Pasaka ikafika. Kwaya ikasimama mbele na sare kuukuu zilizopauka, makusudi, na aliyeuliza sababu alielezwa dalili zote nne papo hapo uani mwa kanisa. Baadaye wakaanza kuja kibandani wanawake wa makanisa mengine, wengine wametoka Mdandu, hawana hata kitambaa. Walitaka wapimwe na waandikwe. Feliciana aliwapima wote, na alimkumbusha kila mmoja kwamba kama mwili unamsumbua asingoje futi.

Agosti, Jumamosi kabla ya sikukuu ya mavuno, Eveline aliingia kibandani amefunga kilemba, amekonda, anatembea kwa miguu yake. Nje walisimama wenzake kumi na saba, kila mmoja na sare yake kwapani, haijavaliwa hata siku moja. Feliciana akapitisha futi. Thelathini na moja. Machozi yakamziba macho asiuone mstari, ikabidi Eveline achukue kalamu aandike mwenyewe.

Kisha Eveline akarudisha kurasa nyuma mpaka alipoupata ule wa Oktavia, akaweka kiganja juu ya namba zake.

"Asante, dada," akamwambia marehemu.

Feliciana hakulifunga daftari. Aliliacha wazi hapo hapo, akachukua mkasi, akaanza kukata sare ya kumi na nane.