Mwanaume Mwenye Ufunguo

Verdiane alipenda vitabu vibaya, na alijua kwamba ni vibaya. Vilimjia kwenye simu, kwa Kifaransa, kutoka kwa rafiki aliyesoma naye Goma, na ndani yake alikuwamo mwanaume yule yule: tajiri, mkali, asiyeomba ruhusa. Mwanaume wa namna hiyo angetokea kweli hapa kijijini Kibabi, Verdiane angepiga kelele mlima mzima usikie. Lakini kitabuni! Kitabuni moyo ulimdunda mpaka chai ikapoa, kisha Jumapili alipiga magoti kanisani kwa haya. Penye urembo ndipo penye ulimbo. Yeye alikuwa amenasa, wala hakuwa na haraka ya kujinasua.

Kosa lake lilikuwa kucheka kwa sauti. Yeye na majirani walikuwa uani kwa mama mkwe wake, Murekatete, wakichambua maharage, Verdiane akachungulia simu, akacheka. Wanawake wakamkaba: "Tusomee na sisi!" Basi akawatafsiria, mikono yao ikitoa mawe kwenye ungo. Mbele ya mama mkwe mtu hasemi kila kitu, kwa hiyo kila busu aliligeuza salamu.

"Hawa batu banasalimiana sana," alisema jirani yao Byukusenge, na uani kukalipuka kicheko.

Ndipo akafika mahali mwanaume anapomteka msichana na kumfungia nyumbani kwake. Ulimi ukamganda. Kibabi nzima ilijua kwamba Murekatete hakuposwa, alibebwa. Akitoka kuchota maji, vijana walimwinua juu juu mpaka kwa mwanaume aliyemtaka, na ng'ombe wa mahari wakaja baadaye, kama desturi ya zamani ilivyoruhusu. Verdiane alimpenda mama huyu kuliko kitabu chochote. Aliogopa kumpoteza kwa upuuzi.

"Simu imezimika," akasema.

"Iko inawaka," alijibu Murekatete. "Naona mwangaza ku uso yako. Soma."

"Mama, mbele iko mubaya. Anamubeba musichana, anamufungia."

"Na musichana?"

"Anaanza kumupenda." Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

Murekatete akacheka. "Mwenye kuandika ile kitabu hajabebwaka hata siku moja!"

"Nisamehe, Mama. Nitakifuta."

"Ukifute juu ya nini? Mimi, siku bananibeba, nililia mpaka sauti ikaisha. Nilisema 'Muniache,' hakuna mutu aliacha. Leo nikikuambia 'Verdiane, nyamaza,' utanyamaza?"

"Nitanyamaza, Mama."

"Basi soma. Na izo salamu, sema vile ziko. Mimi nilizaa watoto."

Verdiane alisoma polepole, jicho moja kwa mama mkwe. Mwanaume wa kitabuni alipozungusha ufunguo mlangoni, Murekatete aliinua kiganja. Verdiane akanyamaza hapo hapo, katikati ya neno. Wote uani wakasubiri, hata maharage yakaachwa. Murekatete alivuta pumzi, akautazama mlima bila haraka yoyote, uso wake umetulia.

"Endelea," akasema.