Shabiki wa Mstari wa Nyuma

"Anko, hapo huoni vizuri," Kisa alisema, akimwonyesha kwa raketi yake viti vya katikati ya jimu ya chuo.

Anwarali alitikisa kichwa. Magoti yake, alisema, hayataki ngazi. Uongo huo. Alikaa nyuma ya mstari wa mwisho makusudi, kwa sababu alikuja kumchunga.

Anwarali ni mpiga pasi katika duka la dobi huko Don Mills, ughaibuni, na kazi hiyo imemfundisha kutoiamini nguo yoyote mpaka aigeuze. Mteja akisema koti ni safi, yeye hunusa kwapa. Tabia hiyo ameihamishia kwa binadamu. Ikitangazwa msikitini kwamba mwezi umeandama, yeye hutoka kwenye roshani ya ghorofa yao Crescent Town akautafute mwenyewe, na mkewe Kulsum amechoka kumwambia afunge mlango, baridi inaingia.

Kitu kimoja tu alikiamini: timu ya badminton ya chuo hiki. Alialikwa na kocha wao, Naheed, siku alipokuja dukani kuchukua suruali za timu. Mechi hizi hazina waamuzi wa mistari. Kinyoya, ndio mpira wao, kikianguka upande wako, ni wewe mwenyewe wa kusema kimeingia au kimetoka. Mlango wa wizi uko wazi kabisa! Siku ile Anwarali alikaa akiusubiri wizi, badala yake akamwona binti mmoja, mechi ikiwa ukingoni, akiinua mkono na kusema kimeingia, pointi si yangu. Akashindwa, akaenda zake akicheka. Kanuni ya Naheed ilikuwa fupi: ukiwa na shaka, mpe mwenzako. Anwarali alirudi nyumbani akamsimulia Kulsum kama mtu aliyetoka kuhiji, na tangu hapo hakukosa mechi.

Halafu akaja Kisa. Kisa ni binti wa Moez, na Moez ni yule aliyekuwa akiuza magari yaliyotumika, akiyapunguzia kilomita kwenye mita kwanza ili yaonekane mapya. Nusu ya watu wa msikitini waliyanunua, na nusu nyingine waliwasaidia kuyasukuma. Duka lilifungwa zamani, lakini watu hawasahau.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," Anwarali alimwambia mkewe.

Kulsum alimjibu kwamba nyoka huyo yeye amempakata akiwa na meno mawili ya maziwa, na hakuwahi kumng'ata.

Anwarali hakutulia. Misimu yote alikaa nyuma ya Kisa akingoja aibe, na Kisa hakuiba. Hilo nalo likamtia wasiwasi zaidi. Mwizi mwerevu husubiri siku ya maana.

Na siku ya maana ilikuwa leo. Ilikuwa nusu fainali ya jimbo, mshindi aende kwenye mashindano ya taifa, na Kisa alikuwa anamaliza chuo mwaka huu. Alibakiza pointi moja ashinde. Mpinzani wake, binti mrefu kutoka Ottawa, alikipiga kinyoya juu sana. Kisa akarudi kinyumenyume, akakitazama kikishuka, akakiacha kianguke.

"Kimetoka," akasema.

"Kimeingia."

Jimu nzima ikamgeukia Anwarali. Mtazamaji haruhusiwi kusema neno, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Kisa naye aligeuka, polepole.

"Umekiona, Anko?"

"Nimekiona."

Kisa aliutazama mstari, akamtazama mzee wa watu aliyekaa hatua chache nyuma yake, mzee wa upande wake mwenyewe. Kisha akainua mkono, pointi ikaenda Ottawa. Baada ya hapo mikono yake haikuwa ile tena. Akashindwa.

Alikuja kukaa karibu na Anwarali, jasho likimtiririka, akamshukuru kwa Kiingereza, lugha aliyozungumza naye siku zote. Alisema alikuwa na hakika kimetoka. Lakini kama angekosea, watu wangesema amemfuata baba yake. Afadhali Anko alimzuia.

Maneno hayo yalimchoma Anwarali. Alijaribu kukumbuka kinyoya kikianguka, hakukipata. Alikumbuka macho ya Kisa, kisha midomo ikifunguka. Alikuwa ameukazia uso ule macho, akiusubiri uongo. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Kisa," alisema, "sikukiona. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Kisa alianza kubandua utepe wa mpini wa raketi, machozi yakimlengalenga. Mlangoni Moez, baba yake, alikuwa amewakamata wazazi wa Ottawa, watu asiowajua hata kwa jina, akiwaambia kwa sauti kwamba yule aliyetoa pointi ni binti yake. Tangu mambo ya magari, hakuna aliyewahi kumsikia Moez akipaza sauti mbele za watu.

Kisa alimshika Anwarali mkono wa koti.

"Anko," alisema, safari hii kwa Kiswahili, "baba usimwambie."

Moez alikuwa ameshafika. Kwa miaka yeye na Anwarali walipishana penye rafu za viatu msikitini kwa salamu tupu. Sasa aliushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Anwarbhai, umemwona mwanangu?"

"Nimemwona."

"Mimi nilikuwa mbali, kule mlangoni. Wewe ulikuwa karibu." Moez alivuta kiti akaketi, bado hajauachia mkono. "Nisimulie."

Kisa aliinamisha kichwa, akaendelea kubandua utepe, akisikiliza.