Kengele ya Lurambi

Navalayo hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa ofisi ya mradi wa maji, Lurambi, akasimama mbele ya meza ya Bwana Joash, matope ya mtoni yakiwa bado viatuni.

"Isaiah wa pampu amevunjika mguu," alisema. "Mafuriko yalimkuta chini ya pampu akisafisha chujio. King'ora hakikulia."

Joash, mkuu wa mradi, aliinua macho taratibu. "Ujumbe ulitumwa. Kisanduku cha juu ya mto kilisema maji yamepanda, na mtambo wetu hapa ukawatangazia wote wanaosikiliza. Pampu, daraja, mabwawa ya samaki."

"Darajani walisikia. Kwenye pampu radi ilivuruga redio, ujumbe ukapotea. Na hakuna aliyejua umepotea, kwa sababu wewe ulikataa visanduku vijibu."

Navalayo ndiye aliyeviunda visanduku vile, kila kimoja na redio yake ndogo, king'ora na betri ya pikipiki. Mwanzoni alitaka kila kinachopokea kijibu "nimepata", na mtambo urudie hadi ujibiwe. Joash akakataa. Kujibu kunakula betri, alisema, na jibu lenyewe likipotea, king'ora kitalia mara mbili, watu watucheke.

"Watu watucheke," Navalayo alirudia sasa. "Isaiah ananiambia, 'Mimi ninashukanga chini nikijua king'ora kitaniita.' Alituamini, Bwana Joash."

"Ukigusa mtambo bila ruhusa yangu, hapa huna kazi."

"Nifukuze nikimaliza."

Akaugusa. Aliupa kila ujumbe namba yake, ili kisanduku kikiletewa ule ule tena kijibu tu, kisianze kulia upya. Mtambo nao akauamuru ushike ujumbe na kuurudia mpaka ujibiwe. Jibu likikawia, ugonge kengele ofisini. Kisha akazunguka na baiskeli hadi darajani, mabwawani na kwenye pampu, akifungua visanduku na kuvifunga. Joash hakumfukuza.

Mvua ilirudi Ijumaa mchana. Maji yakapanda, mtambo ukatangaza. Daraja likajibu. Mabwawa yakajibu. Kengele ikaanza kulia juu ya kichwa cha Joash.

"Zima hiyo."

"Sizimi. Pampu haijajibu."

"Labda kisanduku kimeingia maji tu."

"Labda. Na chini kuna mafundi wawili wanaojenga ukuta. Wao hawajui kama ni labda."

Kengele haikunyamaza. Joash alichukua ufunguo wa gari, akatoka bila koti.

Alirudi amelowa mpaka shingoni. Kisanduku kilikuwa kimekufa kweli, na maji yalikuwa yamefika kwenye magoti ya mafundi alipowapigia kelele watoke. Alisimama mlangoni akidondosha maji sakafuni.

"Agiza betri kubwa zaidi," alisema.

Navalayo alikuwa akingojea neno jingine, hata moja, kuhusu Isaiah. Halikuja. Alizima kengele, akachukua baiskeli yake, akaenda hospitalini akiwa na hasira ile ile. Alimkuta Isaiah macho, mguu umening'inizwa, akamweleza yote.

"Mafundi walitoka?" Isaiah aliuliza.

"Walitoka wote."

Isaiah alifumba macho. Navalayo akaketi kando ya kitanda, na hapo ndipo alipolia.